Mabomba Yalitangulia Kompyuta

Umeme ukishaingia kwenye seva, hauna pa kutokea isipokuwa kwa njia ya joto. Taa ndogo zitametameta, feni zitavuma, na mwanga kidogo utapita kwenye nyaya za kioo kupeleka barua na picha za watu. Lakini ukipima kilichoingia na kilichotoka, karibu kila wati iliyolipiwa huishia kupasha hewa ya chumba. Mwaka 1961 Rolf Landauer wa kampuni ya IBM alionyesha kwamba kompyuta, hata iundwe kwa ustadi gani, haiwezi kufuta chembe moja ya taarifa bila kutoa joto. Zile tunazotumia sisi hutoa joto kupita mno kile kiwango cha chini alichokikokotoa. Fundi wa mabomba akikitazama kituo cha data cha megawati 20, haoni intaneti. Anaona hita ya megawati 20 ambayo bili yake tayari inalipwa na mtu mwingine.

Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya data vilitumia takriban terawati-saa 415, kama asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia. Sehemu kubwa ya joto lake ilipulizwa angani. Hata hivyo, katika miji michache ya Ulaya ya kaskazini joto hilohilo linapasha maji ya kuogea na vyumba vya kulala, na Ufini imekwenda mbali kuliko wengi. Ni rahisi kudhani kwamba sababu ni baridi yao. Baridi ipo Chicago pia, na ipo Toronto. Tofauti imo ardhini: walioanza kazi hii ni wachimba mitaro, miaka mingi kabla ya seva ya kwanza kuwashwa.

1877–1957: jiko moja, nyumba nyingi

Mwaka 1877, katika mji wa Lockport, jimbo la New York, Birdsill Holly alifukia mabomba kutoka kwenye boila moja na kupeleka mvuke katika nyumba za jirani. Miaka mitano baadaye Manhattan nayo ilikuwa na kampuni ya mvuke, na mvuke unauzwa huko hadi leo. Hoja ya biashara ilikuwa nyepesi: boila moja kubwa inayotunzwa na fundi ni nafuu na salama kuliko majiko mia yanayochochewa na kila mtu kivyake.

Wazo lililozaa kisa chetu, hata hivyo, lilitoka Frederiksberg, mji uliozingirwa na Copenhagen, ambao ulikuwa umekosa pa kutupa takataka. Mwaka 1903 ulianza kuzichoma katika mtambo maalumu, na joto lake likapelekwa kwa mabomba hospitalini, kwenye makao ya yatima na nyumba ya maskini. Hakuna aliyechoma takataka kwa sababu ya kutaka joto. Ilikuwa lazima zichomwe, na joto likapata kazi ya pili.

Helsinki iliingia kwa mlango wa michezo. Kijiji cha wanamichezo kilichojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1940 kilipashwa joto kutoka sehemu moja. Olimpiki yenyewe haikufanyika kwa sababu ya vita, nyumba zikahamiwa na raia wa kawaida, lakini mabomba yakabaki. Katika miaka ya 1950 mji ukaamua kuyatandaza kila mtaa. Mitambo ya makaa ya mawe iliyojengwa kando ya bahari, Salmisaari kwanza kisha Hanasaari, ilikuwa ikizalisha umeme, na kama ilivyo kwa mitambo yote ya aina hiyo, sehemu kubwa ya nguvu ya makaa ilitoka kama joto tupu. Badala ya kulimwaga baharini, mji ukaliuza.

Kwa msomaji wa Mombasa au Tanga, ambaye shida yake na nyumba ni kulitoa joto nje, inafaa kueleza kidogo mambo haya yanavyokwenda. Chini ya barabara hulazwa mabomba mawili sambamba, yamevikwa tabaka nene la kuzuia joto lisipotee. Moja linapeleka maji moto, nyuzi 65 siku za kawaida na hata zaidi ya 110 baridi inapokaza. Jingine linayarudisha yakiwa yamepoa. Katika kila jengo kuna kifaa cha kubadilishana joto, kimetengenezwa kwa mabamba membamba ya chuma. Maji ya mji hupita upande huu na maji ya jengo upande ule, yakipeana joto bila kuchanganyika. Mpangaji hana jiko wala boila, ana mita tu. Leo zaidi ya asilimia 90 ya mahitaji ya joto ya majengo ya Helsinki hutimizwa kwa njia hii.

Faida moja ya mfumo huo haikuonekana mapema. Bomba halijali nani ameyapasha maji yake. Ukiwa nalo, unaweza kubadilisha kinachowaka kwenye chanzo bila kugusa nyumba hata moja.

1946–1995: kompyuta zinarudi kwenye hewa

Februari 1946, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliionyesha ENIAC hadharani. Ilikuwa na vali za kioo zipatazo 18,000, ilivuta kama kilowati 150, na ilihitaji feni kubwa za kuipoza ili isijiunguze. Transista, iliyozaliwa katika maabara za Bell mwaka 1947, ilipunguza joto la kila swichi. Wahandisi nao wakajibu kwa kuongeza idadi ya swichi. Mchezo huo haujaisha.

Kufikia miaka ya 1970 na 1980 kompyuta kubwa za benki na serikali zilipozwa kwa maji yaliyopita karibu kabisa na chipu. Cray-2 ya mwaka 1985 ilikwenda mbali zaidi: saketi zake zilizamishwa zima zima katika kimiminika kisichopitisha umeme. Kama mtu angetaka kuuza joto la kompyuta, huo ndio ungekuwa wakati wake, kwa sababu maji hubeba joto vizuri kuliko hewa na hulitoa likiwa na moto zaidi.

Lakini upepo uligeuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chipu za aina ya CMOS, zilizokula umeme kidogo, zilichukua nafasi ya zile za zamani. Mabomba yakaondolewa kwenye vyumba vya kompyuta na feni zikarudi. Feni ni nafuu, na hakuna meneja anayependa kuona maji karibu na mashine za mabilioni. Gharama ya uamuzi huo ilikuja kuonekana baadaye. Hewa inayotoka nyuma ya seva huwa na nyuzi 30 na kitu, ikizidi sana 40. Inatosha kumtoa mtu jasho, haitoshi kupasha jengo la ghorofa nane wakati wa theluji. Intaneti ilikua ndani ya zama za feni, na kwa miaka zaidi ya ishirini dunia ilijenga maghala ya kompyuta ambayo joto lake lilikuwa jingi kwa wingi na duni kwa ubora.

Kipimo kilichozuka baadaye hakikusaidia. Mwaka 2007 muungano wa makampuni uitwao Green Grid uliitangaza PUE, uwiano wa umeme wote unaoingia katika jengo kwa ule unaofika kwenye kompyuta zenyewe. Kilikuwa kipimo kizuri cha kukomesha ubadhirifu wa viyoyozi, na makampuni yakashindana kukishusha. Ila PUE haiulizi joto limekwenda wapi. Aliyelitupa kwa gharama ndogo alipata alama sawasawa na aliyelipeleka hospitalini.

1973–2006: mafuta, majitaka na pampu

Turudi kwenye mabomba. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta, bei ikapanda mara nne, na Ulaya ya kaskazini ikaingia majira ya baridi na hofu. Denmark, iliyotegemea mafuta ya kuagiza kwa karibu nishati yake yote, ilitunga sheria ya ugavi wa joto mwaka 1979 na kuzipa halmashauri mamlaka ya kupanga mtaa upi uunganishwe na mabomba ya mji. Uswidi ilitafuta joto mahali pasipotarajiwa: mwaka 1986 mtambo wa Hammarby mjini Stockholm ulianza kuvuna joto kutoka kwenye majitaka yaliyokwisha kusafishwa.

Chombo kilichowezesha hayo ni pampu ya joto. Anayemiliki friji anayo nyumbani: ndani inapoa, na ukipeleka mkono nyuma yake unahisi joto lililotolewa ndani. Pampu ya joto ya mji hufanya kazi hiyohiyo kwa ukubwa wa jengo zima. Huchukua joto duni la nyuzi kumi au thelathini, hulipandisha kwa umeme, na kulitoa likiwa na nyuzi 70 au 80. Kwa kila sehemu moja ya umeme inayotumia, hutoa sehemu tatu au zaidi za joto. Kwa mara ya kwanza, joto duni lilikuwa na dalali.

Helsinki iliongeza kitu kingine. Mwaka 1998 kampuni yake ya nishati ilianza kuuza baridi kwa mabomba, maji ya kupoza maofisi na maduka wakati wa kiangazi. Miaka minane baadaye ilifungua mtambo wa Katri Vala, uliochongwa ndani ya mwamba chini ya bustani yenye jina la mshairi huyo wa Kifini. Pampu zake za joto zilitoa hadi megawati 90 za joto na megawati 60 za baridi kwa pamoja: huku zinavuta joto kutoka kwenye majitaka na kwenye maji yanayorudi kutoka maofisini, huku zinalisukuma kwenye mabomba ya majumbani.

Wakati huo vituo vya data havikuwa akilini mwa waliochonga mwamba ule. Walikuwa wakiwaza majitaka na viyoyozi. Ila tazama walichokuwa wamekikamilisha bila kukusudia: bomba la baridi linaloweza kuingia katika jengo lolote la katikati ya mji, kuchukua joto lake, na kulileta mahali ambapo pampu inalipandisha na kuliuza. Alikosekana mtu mwenye joto la kutoa mchana na usiku, mwaka mzima.

2009–2010: chini ya kanisa

Kwenye mwamba wa Katajanokka, juu ya bandari ya Helsinki, limesimama kanisa kuu la Kiorthodoksi la Uspenski, la matofali mekundu na kuba za dhahabu, lililowekwa wakfu mwaka 1868 wakati Ufini ikiwa chini ya mfalme wa Urusi. Ndani ya mwamba huo lilichongwa handaki la kujikinga na mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwishoni mwa 2009 kampuni ya kompyuta ya Academica ilitangaza kwamba inageuza handaki hilo kuwa kituo cha data, na mapema mwaka uliofuata seva zikawashwa.

Mwamba ulifaa kwa usalama, lakini kilichovuta macho ya waandishi wa habari ni mabomba. Badala ya kufunga mitambo yake ya kupoza, Academica ilinunua baridi kutoka kwa kampuni ya nishati ya mji. Maji baridi yalishuka handakini, yakapita kwenye vipoza hewa vilivyo kando ya seva, yakapanda yakiwa na joto, na joto hilo likaishia kwenye mtandao wa majumbani. Kituo kilikuwa cha megawati 2, si kikubwa. Wenyewe walihesabu kwamba kikifanya kazi kikamilifu kingetosha kupasha nyumba kubwa 500 za familia.

Haikuwa mara ya kwanza duniani joto la seva kupewa kazi. Mwaka 2008 kituo kimoja huko Uitikon, karibu na Zürich, kilikuwa kimetangaza kupasha bwawa la kuogelea la kijiji. Lakini bwawa ni mteja mmoja. Likifungwa kwa ukarabati, joto linakosa mwenyewe. Handaki la Uspenski liliuza kwa mji mzima, na mji mzima haufungwi. Nadhani hapo ndipo jambo lenyewe lilipogeuka: joto la kompyuta liliacha kuwa hadithi ya jirani mwema likawa bidhaa yenye mita, mkataba na bei.

2008–2012: karatasi inakufa, seva zinahamia

Miaka hiyohiyo viwanda vya karatasi vya Ufini vilikuwa vinafungwa. Wasomaji wa magazeti walihamia kwenye skrini, na bei ya karatasi haikulipa tena. Januari 2008 Stora Enso ilifunga kiwanda cha Summa huko Hamina, pwani ya kusini. Mwishoni mwa mwaka UPM ikafunga cha Kajaani. Mamia ya wafanyakazi walirudi nyumbani. Kilichobaki ni majengo makubwa, nyaya nene za umeme, na njia za maji.

Vitu hivyo ndivyo hasa vinavyotakiwa na vituo vya data. Mwaka 2009 Google ilikinunua kiwanda cha Summa kwa euro milioni 40, na mwaka 2011 ikafungua kituo chake ndani ya jengo lililobuniwa na Alvar Aalto, msanifu majengo mashuhuri wa nchi hiyo. Chini yake kulikuwa na handaki la zamani la kuleta maji ya bahari kiwandani, na Google ikalitumia kupoza seva. Kisha ikajenga nyumba ya ziada ambamo maji yaliyopata moto huchanganywa na maji baridi ya bahari kabla ya kurudishwa, ili Ghuba ya Ufini isidhurike. Kwa utunzaji wa mazingira ni jambo la kusifiwa. Kwa jicho la mhasibu wa joto, ni gharama juu ya gharama: unalipia umeme, unalipia kupoza, kisha unalipia kupoza ulichopozea, huku wakazi wa mji ulio jirani wanawasha boila.

Kajaani ilisubiri zaidi. Katika majengo ya kiwanda chake ndiko ilikokuja kuwekwa LUMI, kompyuta kuu ya pamoja ya nchi kadhaa za Ulaya, iliyozinduliwa Juni 2022. Hiyo ilirudi kwenye maji. Joto lake hupelekwa kwenye mtandao wa mji na hukadiriwa kutimiza kama asilimia 20 ya mahitaji yake. Njia ilikuwa imefunguliwa na IBM pamoja na chuo cha ETH Zürich mwaka 2010, kwa kompyuta iliyoitwa Aquasar, ambayo ilipozwa kwa maji ya nyuzi 60. Kupoza kitu kwa maji ambayo huwezi kutia mkono kunasikika kama mzaha, lakini chipu hustahimili nyuzi 80, kwa hiyo maji ya 60 kwake ni baridi. Na maji yatokayo hapo hayahitaji dalali.

2014–2024: Mäntsälä na jirani aliyewekewa vikwazo

Mäntsälä ni mji wa watu kama 20,000, kilomita 60 hivi kaskazini mwa Helsinki. Mwaka 2014 na 2015 Yandex, kampuni kubwa ya utafutaji wa intaneti ya Urusi, ilikamilisha kituo cha data pembeni mwa mji. Kinapozwa kwa hewa ya nje, inayoingia baridi upande mmoja na kutoka moto upande wa pili. Kampuni ya nishati ya mji, iitwayo Nivos siku hizi, iliweka njiani mwa hewa hiyo vifaa vya kunyonya joto na kulitia kwenye maji, kisha pampu za kulipandisha hadi kiwango kinachofaa majumbani. Hadi hapo mtandao wa mji ulikuwa ukitegemea gesi asilia. Baada ya muda, karibu nusu ya joto lake lilikuwa linatoka kwa seva za Yandex, na bei kwa wakazi ikashuka.

Wajumbe wakaja kutoka kila upande kuona. Kwa miaka sita au saba Mäntsälä ilikuwa mfano uliotajwa kila mkutanoni, nami ningeishia hapo kama habari ingekuwa ya uhandisi peke yake.

Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Juni mwaka huo Umoja wa Ulaya ulimwekea vikwazo Arkady Volozh, mwanzilishi na mkurugenzi mkuu wa Yandex, naye akajiuzulu. Aliyekuwa akikiuzia kituo umeme akaacha kuuza. Kituo kikaendelea kwa jenereta za dizeli, zile ambazo kazi yake ni kusubiri dharura. Kwa muda, joto lililosifiwa kwa kuokoa gesi likawa linatokana na dizeli. Mji uligundua kwamba mafundi walipima kila kitu isipokuwa hatari moja: chanzo cha joto kilikuwa mali ya kampuni ambayo mambo yake yaliamuliwa na vita.

Mabomba hayakudhurika. Kampuni mama iliyosajiliwa Uholanzi ilijitenga na biashara ya Urusi, Volozh akaondolewa vikwazo Machi 2024, na mwaka huohuo ikachukua jina la Nebius na kugeukia kukodisha kompyuta za akili mnemba. Kabla mwaka haujaisha ilitangaza kupanua kituo cha Mäntsälä hadi megawati 75. Mteja mpya, bomba lilelile.

2017–2023: kodi, sheria na mabwawa

Denmark, yenye mabomba mengi kama Ufini, ilikwama kwenye kodi. Kwa miaka mingi joto la ziada la viwanda lilitozwa, kwa hofu kwamba mwenye kiwanda angechoma mafuta kwa kisingizio cha uzalishaji kisha auze joto kwa mlango wa nyuma. Hofu hiyo ilikuwa na mantiki mwaka 1985. Ilipofika zamu ya seva ikawa kikwazo. Hata hivyo Facebook ilifungua kituo chake Odense mwaka 2019 kwa makubaliano na kampuni ya joto ya Fjernvarme Fyn, ikiahidi megawati-saa 100,000 kwa mwaka, za kutosha nyumba 6,900. Hewa ya seva hupasha maji hadi nyuzi 27 hivi. Pampu humaliza kazi.

Kwingineko mambo yalikuwa madogo madogo. Huko Exmouth, Uingereza, mwaka 2023 kampuni changa iliweka kompyuta yenye ukubwa wa mashine ya kufulia kando ya bwawa la kuogelea la umma lililolemewa na bili. Mwaka uliofuata bwawa la Olimpiki la Paris lilipata joto kutoka kituo cha data cha Saint-Denis. Norwei uliwekwa mpango wa kupasha maji ya kufugia kambamti. Ni mifano mizuri, na kila mmoja una udhaifu wa bwawa la Uitikon.

Nchini Marekani, ambako ndiko wazo la mabomba lilikoanzia, kaskazini mwa Virginia kuna msongamano wa vituo vya data usio na mfano, na karibu joto lote linakwenda mawinguni pamoja na maji yanayovukizwa kulipoza. Penye miti hakuna wajenzi. Vitongoji vya huko vilijengwa nyumba moja moja, kila moja na mtambo wake, na hakuna halmashauri itakayopasua barabara zote kwa ajili ya joto la nyuzi 35. Baridi peke yake si sharti, kwani karibu na ziwa Naivasha shamba la maua la Oserian lilitumia joto la ardhini la Olkaria kupasha vibanda vyake usiku. Ila pale kisima na kibanda vimekaribiana, na mkulima anajua saa anayolihitaji joto.

Umoja wa Ulaya uliamua kuingilia kati mwaka 2023. Kwa maelekezo mapya ya matumizi bora ya nishati, kituo cha data kinachozidi megawati 1 sharti kitumie joto lake, isipokuwa kikithibitisha kwamba haiwezekani kiufundi au kiuchumi. Ujerumani ikaweka tarakimu: vituo vitakavyoanza kazi kuanzia Julai 2026 vitumie tena asilimia 10 ya nishati, kisha 15 kwa vitakavyoanza mwaka unaofuata, kisha 20. Vifungu vya msamaha ni vingi, na vingi vinahusu swali moja: je, kuna bomba karibu?

2022–2025: joto linachagua kiwanja

Mwaka 2019 bunge la Ufini lilipitisha sheria ya kupiga marufuku makaa ya mawe katika uzalishaji wa umeme na joto kuanzia Mei 2029. Ilikuwa pigo kwa kampuni za joto, maana makaa ndiyo yaliyojenga mtandao wao. Vita vya 2022 vikaongeza pigo kwa kukata gesi na magogo ya kuni kutoka Urusi. Mwaka huohuo serikali ilishusha kodi ya umeme kwa pampu kubwa za joto zinazolisha mitandao ya miji. Ghafla kila kampuni ilikuwa ikitafuta joto lisilo na moshi.

Machi 2022 Microsoft na kampuni ya nishati ya Fortum zilitangaza mpango uliopita kwa ukubwa yote yaliyotangulia. Microsoft ingejenga vituo vipya eneo la Espoo na Kirkkonummi, magharibi mwa Helsinki, na Fortum ingekusanya joto lake na kuliingiza katika mtandao wake wa kilomita 900 za mabomba. Lengo ni kutimiza kama asilimia 40 ya mahitaji ya joto ya wateja 250,000. Kilicho kipya hapa ni utaratibu. Handaki la Uspenski lilikuwepo kwanza, likatafutiwa joto. Espoo viwanja vya seva vilichaguliwa kwa kutazama pia ramani ya mabomba. Mwaka 2024 Fortum iliacha kuchoma makaa katika mtambo wa Suomenoja. Helsinki ilikuwa imefunga Hanasaari Aprili 2023, na Aprili 2025 ikazima makaa ya Salmisaari.

Hamina nayo ikaamka. Mei 2024, miaka kumi na mitatu baada ya kuanza kumwaga joto baharini, Google ilitangaza makubaliano na kampuni ya nishati ya mji, Haminan Energia: joto la kituo lingetimiza asilimia 80 ya mahitaji ya mwaka ya mtandao wa mji, bila malipo. Wengine waliuona ukarimu. Mimi naona pia hesabu. Siku hiyohiyo ilitangaza upanuzi wa euro bilioni moja, unaohitaji ridhaa ya majirani, na joto la bure ni zawadi inayomgharimu mtoaji kidogo kuliko kodi.

Mtikiso mwingine umetoka kwenye chipu za akili mnemba, ambazo zimekuwa moto kiasi kwamba feni hazitoshi tena. Mabomba yaliyong'olewa kwenye vyumba vya kompyuta miaka ya 1990 yanarudishwa, na pamoja nayo yale maji moto ambayo Aquasar iliyajua.

Imebaki mizani ya majira. Seva hutoa joto Julai sawasawa na Januari, na Julai Wafini hulitaka kidogo tu. Joto linalobaki hurudi angani kama la Virginia. Helsinki imejaribu kulitunza. Huko Mustikkamaa kuna mapango yaliyochimbwa mwambani kuhifadhia mafuta mazito, enzi ambazo kila mji ulijiwekea akiba ya vita na baridi. Mafuta yaliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1990, mapango yakasafishwa, na sasa yanachukua mita za ujazo 260,000 za maji moto. Akiba hiyo hutosha siku chache tu za baridi. Mji wa jirani, Vantaa, umeamua kuchimba makubwa zaidi: mapango ya Varanto, mita mia moja chini ya ardhi, yenye mita za ujazo milioni 1.1 na uwezo wa gigawati-saa 90, ambamo maji yatawekwa kwa shinikizo hadi nyuzi 140 tangu kiangazi mpaka theluji. Uchimbaji ulianza mwaka 2024, na hifadhi nzima ilipangwa kukamilika 2028.